Kivinjari cha pili kwenye kompyuta ya steshenari: kipi, na kikae vipi?

Swali la msomaji wa Sinza, Dar es Salaam:

"Habari za kazi, kaka. Nina steshenari yenye kompyuta mbili: moja ya Windows 10 yenye RAM ya GB 4, nyingine ya zamani ya Windows 7. Kazi kubwa ni kuwajazia watu maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi, TIN na majina ya biashara. Natumia Chrome tu. Wiki iliyopita mteja alikuwa amebakiza saa mbili maombi yafungwe, nikabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Kijana wa jirani akanipakulia Brave, nayo kimya vilevile. Nataka kivinjari cha akiba cha kueleweka. Niweke kipi, na kisinimalizie bando?"

Jibu:

Dada, weka Firefox. Sababu inaonekana kwenye hiyo Brave uliyopakuliwa.

Kila kivinjari kina sura na kina injini. Sura ni vitufe, rangi na pale unapoandika anwani. Injini ndiyo inayosoma kilichotumwa na seva, ikakichora kwenye skrini na kutekeleza maelekezo yaliyomo, yakiwemo ya kile kitufe chako cha kutuma. Injini ya Chrome inaitwa Blink. Google waliichepusha kutoka WebKit ya Apple mwaka 2013. Brave nayo ni Blink. Opera iliacha injini yake mwenyewe mwaka huohuo wa 2013 na sasa ni Blink. Vivaldi ni Blink, Samsung Internet ni Blink, na Edge ya Microsoft ni Blink tangu Januari 2020. Kwa hiyo kutoka Chrome kwenda Brave ni kushuka daladala moja na kupanda nyingine katika foleni ileile. Ukurasa ukiwa na kasoro inayoikwaza Blink, utakwama kwenye zote sita. Firefox inatembea na injini yake, Gecko, na kwenye Windows ndiyo pekee kati ya vivinjari vikubwa isiyotumia Blink.

Brave ina jambo jingine ambalo huenda kijana hakukwambia. Inakuja na ngao ya kuzuia matangazo na vifuatiliaji ikiwa tayari imewashwa, na mara nyingine ngao hiyo huzuia vipande halali vya ukurasa. Ukitaka kuitumia kwa fomu, bonyeza alama ya simba iliyo upande wa kulia wa anwani, zima ngao kwa tovuti hiyo moja, kisha upakie ukurasa upya. Firefox nayo ina ngao ya aina hiyo, laini zaidi, upande wa kushoto wa anwani. Ukurasa ukigoma huko, hapo ndipo pa kujaribu kwanza.

Edge usiifute. Ipo tayari kwenye Windows 10, haikugharimu hata MB moja, na inafaa kuwa ya tatu kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kupima: kwa kuwa injini ni ileile ya Chrome, fomu ikikubali Edge na kukataa Chrome, basi tatizo liko kwenye takataka za Chrome yako, yaani vidakuzi (cookies) vya zamani, viendelezi (extensions) au mipangilio. Ya pili ni mifumo ya kizamani iliyojengwa kwa ajili ya Internet Explorer, ambayo Microsoft waliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Ndani ya Edge kuna hali ya kuiga Internet Explorer, inayowashwa kwenye mipangilio sehemu ya kivinjari chaguo-msingi, na Microsoft wameahidi kuitunza angalau hadi 2029. Steshenari nyingi haziihitaji, ila siku ukiihitaji hakuna mbadala.

Sasa, kitufe kilichonyamaza. Kabla ya kukimbilia kivinjari cha pili tumia dakika tano kujua anayegoma ni nani, kwa sababu mara nyingi kivinjari kinasingiziwa.

Anza kwa kupandisha ukurasa hadi juu, uteremke nao taratibu. Sehemu moja ya lazima iliyoachwa wazi inatosha kukifunga kitufe, na kwenye fomu zilizotengenezwa vibaya maandishi mekundu ya onyo hutokea juu kabisa, mahali ambapo wewe uliye chini huyaoni. Kisha angalia kama Chrome inautafsiri ukurasa. Watu huwasha tafsiri ya Kiingereza kwenda Kiswahili, halafu wanasahau. Tafsiri hiyo haibadilishi maneno peke yake. Inaingiza vipande vipya ndani ya ukurasa, na fomu nyingi za kisasa zikikuta vipande ambavyo hazikuviweka zenyewe huvurugika bila kusema neno. Rudisha lugha ya asili, pakia upya, jaribu tena. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote.

Kama bado, fungua dirisha fiche (incognito) kwa Ctrl+Shift+N, uingie upya. Dirisha hilo halitumii vidakuzi vyako vya zamani, na viendelezi hubaki nje isipokuwa uliviruhusu mwenyewe. Fomu ikikubali hapo, huhitaji kivinjari kingine. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo moja tu kwa kubonyeza alama iliyo mwanzoni mwa anwani. Usifute vya tovuti zote, utajitoa kila mahali ulipokuwa umeingia.

Bado kimya? Bonyeza Ctrl+Shift+J. Litafunguka eneo la wataalamu lenye ujumbe wa makosa. Lisikutishe, unasoma namba tu. Bonyeza kitufe cha kutuma huku unaliangalia. Mstari mwekundu wenye 500, 502, 503 au 504 unamaanisha seva ya upande wa pili imezidiwa au imeharibika, na hata ukiweka vivinjari kumi hakuna kitakachobadilika. Siku ya mwisho ya maombi ndivyo inavyokuwa: jaribu tena usiku sana au alfajiri. Namba 401 au 403 mara nyingi maana yake muda wako wa kukaa ndani ya mfumo umekwisha; toka, ingia tena. Mstari mwekundu usio na namba za namna hiyo, unaotaja jina la faili na kosa la maelekezo, ndio unaokuruhusu kwenda Firefox ukiwa na matumaini.

Na ukurasa usipofunguka kabisa kwenye vivinjari vyote, acha kuhangaika navyo. Washa hotspot ya simu yenye laini ya mtandao mwingine ujaribu tena. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo akiba ya maana ni laini ya pili, na hata hiyo ichague ukijua huenda inapita kwenye nyaya zilezile.

Kompyuta ya Windows 7 ina habari yake. Chrome iliiacha Windows 7 baada ya toleo la 109, mwanzoni mwa 2023, na Edge iliishia hapohapo. Chrome iliyomo humo haijapata kiraka cha usalama tangu wakati huo, na kadiri mifumo inavyojengwa upya ndivyo kurasa nyingi zaidi zitakavyoikataa. Mozilla walibakiza tawi moja la kuwahudumia watu wa Windows 7 na 8, Firefox 115 ESR (toleo la kutunzwa muda mrefu), na zaidi ya mara moja wakaliongezea muda wa masasisho ya usalama. Huo ni muda wa kuhesabu. Kwa sasa, kwenye mashine hiyo Firefox 115 ESR iwe kivinjari cha kwanza na Chrome 109 ndiyo ikae pembeni. Nywila za wateja usiziandike humo kama ile nyingine iko huru. Ipe kazi ya kuchapa na kutoa kopi.

Mashine ya umri huo ikianza kukataa tovuti zote kwa onyo la cheti cha usalama, tazama saa iliyo kwenye kona ya chini kulia. Cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2009, kila cheti kitaonekana bado hakijazaliwa. Chrome husema ERR_CERT_DATE_INVALID, Firefox nayo hulalamika kwa maneno yake, na kivinjari cha pili hakitakuokoa kwa sababu vyote vinasoma saa moja. Saa ikirudi nyuma kila unapozima umeme, betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa. Mara nyingi ni CR2032, ile ya duara kama sarafu, na fundi yeyote wa Kariakoo anaibadilisha kwa dakika chache. Ukirekebisha saa, kwenye orodha ya Windows usitafute Dar es Salaam. Chagua Nairobi, UTC+03:00.

Tuje kwenye bando. Faili dogo unalopewa kwanza na tovuti ya Mozilla si Firefox yenyewe; ni kiita-mzigo, kinapakua iliyobaki wakati wa kusakinisha. Ukisakinisha kwenye kompyuta mbili kwa njia hiyo umelipia mara mbili, na mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Nenda kwenye ukurasa wao wa matoleo yote, uchague Windows ya biti 64 au 32 kulingana na mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause uone aina ya mfumo. Faili kamili la toleo la kawaida halifiki MB 100. Kwa Windows 7 unahitaji faili lake la ESR 115, kwa hiyo yawe mawili. Yaweke kwenye fleshi, uandike juu yake tarehe. Siku mashine ikifutwa na kuwekwa Windows upya hutahitaji intaneti kupata kivinjari.

Usipakue kutoka kwenye tangazo la kwanza la matokeo ya utafutaji, wala tovuti za "programu bure". Faili likishafika, libonyeze kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, nenda sehemu ya saini za kidijitali: pawepo jina Mozilla Corporation. Pasipokuwa na saini, lifute.

Baada ya kusakinisha, fungua mipangilio ya jumla, shuka hadi masasisho, uchague Firefox ikujulishe kwanza kabla ya kusakinisha. Pia waambie Windows kwamba hotspot yako ni ya kupimwa: mipangilio ya mtandao, Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao, washa "Metered connection". Hilo la pili litakuokolea MB nyingi kuliko kivinjari chochote, maana Windows yenyewe ndiyo mlaji mkubwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii inaoza. Kivinjari kisichofunguliwa miezi mitatu kinakuwa na matundu ya usalama yanayojulikana dunia nzima, na siku ya haraka ndipo kinakumbuka kudai sasisho. Firefox iliyokaa muda mrefu bila kufunguliwa hukuuliza pia kama unataka isafishwe irudi kama mpya. Ukikubali, alamisho na nywila hubaki lakini viendelezi na mipangilio mingi huondoka. Basi ifungue kila Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajaingia, uende kwenye menyu ya msaada, sehemu ya kuhusu Firefox, uone kama iko toleo la sasa. Bila kiendelezi chochote. Kivinjari cha akiba chenye viendelezi vilevile vya Chrome kimerithi magonjwa yake.

Ipime kabla ya siku ya shida. Chukua mifumo mitano unayoitumia zaidi, mfano Ajira Portal, OLAMS ya mikopo, ORS ya BRELA na ya TRA. Kwenye kila mmoja ingia kwa akaunti yako au ya mtu wa nyumbani aliyekubali, pandisha faili moja, fungua PDF moja, chapa ukurasa mmoja. Ukurasa ambao hutokea katika dirisha jipya, kama risiti au ankara yenye kontroo namba, huzuiwa na kizuizi cha madirisha ibukizi: Chrome huweka alama ndogo kulia mwa anwani, Firefox hutoa ukanda wa onyo juu ya ukurasa. Ruhusu kwa kila mfumo mapema, kwenye vivinjari vyote viwili, maana ruhusa ya kimoja haihamii kingine.

Katika kuchapa, angalia ukubwa wa karatasi. Windows ikiwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, Firefox inaweza kuanza na Letter badala ya A4, na mstari wa mwisho wa fomu, ambao kwa kawaida ndio wa sahihi, ukabaki nje. Chagua A4 na uiambie itoshee upana wa ukurasa. Kuna PDF nyingine ambazo Chrome huzifungua na kuonyesha sentensi moja tu ya Kiingereza ya kukuomba usubiri, "Please wait", na unasubiri hadi jioni. Hizo ni fomu za XFA. Firefox inazisoma tangu toleo la 93 la mwaka 2021, hivyo hifadhi faili kisha uliburute ndani ya Firefox.

RAM ya GB 4 haitoshi Chrome yenye vichupo 15 na Firefox kwa pamoja. Ukihamia, funga ya kwanza kabisa. Edge nayo ina tabia ya kubaki ikiendelea chinichini baada ya kuifunga. Zima hilo kwenye mipangilio yake ya mfumo na utendaji, pamoja na ile ya kuanza haraka.

Swali ambalo hukuuliza lakini linafuata: nywila. Alamisho zako za mifumo hamishia Firefox. Ctrl+Shift+O, kisha menyu ya kuingiza na kuhifadhi nakala. Nywila zako mwenyewe unaweza kuzitoa kwenye Chrome kama faili la CSV na kuziingiza kupitia about:logins, ila faili hilo halina kufuli lolote, yeyote akilifungua kwa Notepad anasoma kila kitu. Ukimaliza tu, lifute kwa Shift+Delete lisipite kwenye pipa la taka. Za wateja usihifadhi hata moja, kwenye kivinjari chochote. Kazi ya kila mteja ifanye kwenye dirisha fiche, Ctrl+Shift+N kwa Chrome au Ctrl+Shift+P kwa Firefox, ufunge madirisha yote fiche anapoondoka. Njia hiyo inazuia pia ule mchezo wa kujaza kiotomatiki, ambapo namba ya simu ya mteja wa asubuhi inaingia kwenye fomu ya mteja wa mchana. Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na daftari la nywila za watu lililoko juu ya meza lina maswali yake mbele ya sheria hiyo.

Utasikia pia watu wakisifia Opera kwa VPN yake ya bure. Kwa fomu za serikali haikusaidii: ombi lako linafika kwenye seva likionekana limetoka nchi nyingine, na mfumo unaweza kulikataa. Isitoshe, Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa kwake.

Simu kidogo. Android ina kipande cha mfumo kiitwacho WebView, ndugu wa Chrome, kinachotumiwa na programu nyingi kufungua kurasa ndani yake. Machi 2021 sasisho baya la kipande hicho lilizifanya programu nyingi zijifunge zenyewe duniani kote. Firefox ya Android haikitegemei, ndiyo maana inafaa kuwa akiba hata huko. Opera Mini inabana bando kweli, ila katika hali yake ya kubana zaidi ukurasa unatengenezwa kwanza kwenye seva za Opera ndipo unaletewa. Isome habari, usiijazie fomu wala kuiingizia nywila za benki. Kwenye iPhone za hapa kwetu, vivinjari vyote vinalazimika kutumia WebKit ya Apple, kwa hiyo Chrome na Firefox za huko ni Safari iliyovaa nguo nyingine. Mteja akija na iPhone iliyogoma, mkalishe kwenye kompyuta.

Siku yenyewe ikifika, usihamie Firefox ukabonyeza kutuma papo hapo. Kitufe kilichoonekana kimya huenda kilishatuma na ni jibu tu lililopotea njiani. Ukituma tena unaweza kuzalisha ombi la pili na kontroo namba mbili, na mteja akalipia isiyo sahihi. Ingia kwanza, fungua ukurasa wa hali ya ombi, mwulize mteja kama amepata SMS au barua pepe. Kumbuka pia kwamba vidakuzi vya Chrome haviendi Firefox, hivyo unaingia upya, na yote ambayo mfumo haukuyahifadhi kwenye seva yake hayatakuwepo. Maelezo marefu yaandike kwanza kwenye Notepad, uyabandike. Mfumo ukisema akaunti tayari imeingia kwingine, rudi Chrome utoke kwa kitufe cha kutoka. Kufunga dirisha peke yake mara nyingi hakutoshi. Na mteja asiondoke na simu yake kwenda kula wakati unahama, kwa sababu msimbo mpya wa kuingilia unakwenda kwenye namba yake, na una dakika chache tu.